Kumrudisha Mama Chole: Safari ya Mafia Tunayoipanga kwa Mwezi na Maji

Mama yangu alizaliwa Chole, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba upande wa kusini-mashariki wa Kisiwa cha Mafia, na aliondoka huko mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 12, juu ya jahazi lililosheheni mbata likielekea Dar es Salaam. Tangu siku hiyo amerudi mara moja tu, kwa mazishi ya baba yake, na hakukaa zaidi ya siku tatu. Mwaka huu, tulipokuwa tumeketi nyumbani kwake Temeke baada ya swala ya Idi, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya sukari, iwapo ningeweza kumpeleka akauone ule mwembe wa nyuma ya nyumba yao na kujua kama popo bado wanaulalia. Nilimjibu kwamba nitampeleka. Yaliyofuata ni miezi ya kupanga, na ninayaandika hapa kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kuhusu safari ya Mafia yanaanzia kwenye bei ya chumba na tarehe za likizo, hali ya kuwa kule kisiwani jambo la kwanza ni maji, na maji huufuata mwezi.

Nieleze kwanza tunakokwenda. Mafia si kisiwa kimoja bali ni funguvisiwa. Kisiwa kikubwa, chenye urefu wa karibu kilomita 50, kimekaa mbele ya delta ya Mto Rufiji, na kiutawala ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, wala si sehemu ya Zanzibar kama wengi wanavyodhani. Mji wake mkuu ni Kilindoni, ulioko upande wa magharibi unaotazama bara. Upande wa pili kuna Utende, na mbele ya Utende imelala Ghuba ya Chole pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Chole hakina magari, na mtu mwenye afya njema anaweza kukizunguka kwa miguu katika asubuhi moja. Juani ni kikubwa zaidi, na uso wake wa mashariki unapigwa moja kwa moja na mawimbi ya bahari kuu. Jibondo kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na watu wake, wanaosifika kwa uvuvi na uundaji wa vyombo, tangu zamani walizoea kuvusha maji ya kunywa kutoka kisiwa kikubwa.

Mimi mwenyewe nilikwenda Mafia kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Julai 2023, pamoja na wenzangu watatu wa kazini, bila Mama. Tulichagua tarehe zile kwa sababu ndizo tulizopewa ruhusa, na wakala wa safari aliyetuandalia kila kitu hakutaja maji hata mara moja, nami sikujua kuuliza. Mwezi ulikuwa umepevuka usiku uliotangulia. Tulifika ufukweni Utende saa nne asubuhi, wakati ambapo bahari ilikuwa imekwenda zake mbali kabisa, na mashua iliyotungoja ilikuwa imesimama huko nje kwenye kina, ng'ambo ya tope na majani ya bahari. Tulitembea na mizigo kichwani, maji yakitufika magotini, kisha Chole tukateremka kwa namna ile ile. Kesho yake tuliomba kupelekwa kwenye magofu ya Kua, lakini kwa kuwa tulikuwa na asubuhi tu, mashua ilikomea nje ya mikoko, na nahodha akatuambia kwa upole kwamba maji hayapo. Upepo wa kusi nao ulikuwa umeshika kasi, hivyo nje ya ghuba hapakuendeka. Niliporudi nyumbani na kumsimulia Mama, hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mlikwenda mwezi wa ngapi?" Nikamjibu, Julai. Akatikisa kichwa. Alikuwa ananiuliza mwezi ulikuwa na siku ngapi angani.

Jambo lile limenikaa moyoni. Mama ana miaka 74 sasa, anatembea kwa fimbo, na goti lake la kushoto halikunji vizuri. Kumteremsha katika tope la Utende saa nne ya siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, si jambo la kufikiriwa. Kwa hiyo safari hii yote nimeijenga juu ya swali moja: ni siku gani, na saa ngapi, bahari yenyewe itamfikisha Mama mlangoni kwao bila yeye kuvua viatu?

Mama hajui kusoma majedwali ya maji yanayochapishwa na mamlaka za bandari, na wala hayahitaji. Aliketi na mimi jioni moja akanifundisha hesabu ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa akiokota pweza miambani. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Mwezi unapokuwa nusu, yaani yapata siku ya saba au ya nane, na tena siku ya ishirini na mbili hivi, maji huwa mafu: hayapandi sana, wala hayaendi mbali. Hilo nilikuwa nimelisikia shuleni. Nisilolijua ni kwamba saa zenyewe nazo hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, pwani yetu ya Tanzania hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kidogo, chini ya saa moja au zaidi kidogo, mpaka ifikapo siku za maji mafu mambo yamegeuka: kujaa kumehamia saa nne, saa tano za asubuhi, na kupwa kumehamia alasiri. Kwa hiyo anayeujua umri wa mwezi anaijua pia saa ya maji, na anayeijua saa ya maji anajua mashua itaegesha wapi, wanawake watakwenda pweza lini, na fungu gani la mchanga litakuwa wazi. Nililinganisha hesabu ya Mama na jedwali la mwezi mzima. Hitilafu ilikuwa ya dakika tu.

Baada ya mwezi huja upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, na huko nje ya ghuba huwa na nguvu. Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi. Kati yake kuna kipindi ambacho mabaharia wetu hukiita tanga mbili, upepo unapokuwa haujaamua, bahari imetulia, na chombo kinaweza kwenda juu au chini. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndizo nzito, na nyumba nyingi za wageni za Mafia hufunga milango mwezi Aprili na Mei. Vuli huja mwishoni mwa mwaka na ni nyepesi zaidi. Ukiviweka vyote hivyo pamoja, mwezi wa Oktoba hujichagua wenyewe kwa mtu anayempeleka mzee: kusi limekwisha kuchoka, kaskazi halijashika, na mvua bado ni za kupitia.

Kuchagua Oktoba kuna gharama yake, na ni haki niiseme. Juani ni mojawapo ya mahali muhimu pa kutagia kasa katika Tanzania. Kasa hupanda ufukweni usiku, hufukia mayai yao mchangani, na baada ya takriban miezi miwili watoto hutoka na kukimbilia baharini. Wengi huanguliwa kati ya Juni na Septemba, na vijana wa huko waliofundishwa kulinda viota huweza kukadiria siku kwa kuhesabu tangu usiku wa kutaga. Nilitamani sana Mama aone jambo hilo, kwa kuwa alipokuwa mtoto kasa walikuwa kitoweo, hawakuwa viumbe vya kulindwa. Lakini miezi ya kasa ni miezi ya kusi, nami sitamweka mama yangu ndani ya mashua katika kusi la Julai kwa ajili ya kasa. Badala yake Oktoba inatufungulia mlango wa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huanza kuonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba na kuendelea hadi Machi.

Kalenda ya 2026 niliyoiweka ukutani inaonyesha kwamba mwezi utakuwa nusu tarehe 18 Oktoba na utapevuka tarehe 26. Kwa hesabu ya Mama huo utakuwa mwezi wa Mfunguo Nane, yaani wa nane baada ya Ramadhani, mbali na Ramadhani na mbali na Idi, jambo ambalo nalo lilikuwa katika fikra zetu. Watu wa Mafia kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 katika kalenda ya kawaida, hubadilisha mwendo wote wa siku: mchana wapishi hawapo, na nahodha aliyefunga hapaswi kuombwa apige kasia juani kwa ajili ya matembezi ya mtu. Tukakubaliana basi kwamba tuondoke Jumatatu tarehe 19, maji yakiwa mafu, na turudi Jumatano tarehe 28, bamvua likiwa limefika. Kwa njia hiyo tutaanza na maji mapole yanayomfaa Mama kuvuka, na tutamalizia na maji makubwa yanayofunua mafungu.

Kuhusu namna ya kufika, tulibishana kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Ndege ndogo zinazobeba abiria wachache huruka kutoka Uwanja wa Julius Nyerere na kutua Kilindoni kwa muda usiozidi dakika 40 hivi, na mizigo yake mara nyingi haipaswi kuzidi kilo 15 kwa mtu mmoja. Mimi nilikuwa na hakika kwamba ndiyo njia ya mzee. Mama alikataa. Alisema aliondoka Mafia kwa bahari na atarudi kwa bahari, na kwamba kama ningempeleka kwa ndege angefika kama mgeni. Sikuwa na jibu la maneno hayo. Kwa hiyo kwenda tutakwenda kwa njia ya Nyamisati: gari kutoka Mbagala Rangi Tatu, kupitia Mkuranga katika barabara ya Kilwa, kisha kukata kushoto kuelekea bandari ndogo ya Nyamisati iliyoko kwenye mikono ya kaskazini ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo vyombo vya Kilindoni huondokea, kikiwemo kivuko cha serikali, na safari huchukua saa kadhaa, kwanza kati ya kuta za mikoko, kisha katika mlango wa bahari unaotenganisha Mafia na bara. Delta hiyo ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, ambayo Waingereza waliiangamiza tarehe 11 Julai 1915 wakisaidiwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia, kisiwa walichokuwa wamekiteka Januari mwaka huo huo. Bibi yake Mama alikuwa msichana wakati ule, na alizoea kusema kwamba ndege ya kwanza aliyoiona maishani ilikuwa ikielekea Rufiji.

Ratiba ya chombo nitaithibitisha wiki moja kabla na tena siku moja kabla, kwa simu, kwa mtu aliyeko bandarini. Nimeazimia pia kwamba hatutapanda chombo kisichokuwa na jaketi okozi kwa kila abiria, hata kama wenyeji watatuhakikishia kwamba bahari ni shwari, na hata kama itatulazimu kulala Nyamisati. Kurudi, Mama amekubali ndege. Ameridhika kwamba atakuwa amekwisha kuingia kwa mlango wake.

Usiku wa kwanza tutalala Kilindoni, kwa makusudi. Kutoka hapo hadi Utende ni kilomita 14 hivi za lami, na ukiwa na bajaji au gari si safari ya kusumbua, lakini tukijaribu kuunganisha yote katika siku moja tutafika Utende jioni, na jioni za maji mafu ni saa za kupwa. Kesho yake, Jumanne tarehe 20, maji yatajaa kati ya saa tano na saa sita mchana. Hiyo ndiyo saa niliyoitafuta miezi yote hii. Mashua itasogea karibu, Mama atapanda kwa ngazi fupi ya mbao niliyoagiza kwa fundi wa Temeke, na mvuko wenyewe hadi Chole ni mfupi.

Njiani kabla ya Utende kuna kizuizi cha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambapo mgeni hulipa ada kwa kila siku atakayokaa ndani. Nimewasikia wasafiri wakiinung'unikia ada hiyo, na mimi siafikiani nao. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya sheria ya Bunge ya mwaka 1994, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, nyingi kati ya hizo zikiwa bahari. Ilianzishwa wakati ambapo uvuvi wa baruti ulikuwa ukiyasaga matumbawe ya pwani yetu, na tofauti na mbuga nyingi za bara, watu hawakuhamishwa: vijiji vimo ndani yake, na wavuvi wake wanaendelea kuvua kwa masharti, baadhi ya maeneo yakiwa yamefungwa kabisa na mengine yakiruhusiwa kwa zana fulani tu. Yanayomhusu mgeni ni machache na ni rahisi kuyashika. Usikanyage matumbawe, usiokote kombe wala simbi hata kama limekufa, wala usinunue ganda la ng'amba, aina ya kasa, kwa mtu yeyote. Aulizie pia, kabla ya kulipa, viwango vya Mtanzania na vya mgeni wa nje, maana havifanani, na achukue stakabadhi.

Chole ndiko tutakakokaa siku nyingi, kwa ndugu, kwa hiyo sina mengi ya kusema kuhusu vyumba. Nina mengi zaidi ya kusema kuhusu mahali penyewe. Wajerumani walipolichukua funguvisiwa hili mwaka 1890 walikiweka Chole kuwa makao yao, na mabaki ya majengo yao yamo mpaka leo, mizizi ya miti ikiwa imeyakumbatia. Baadaye makao yalihamishiwa Kilindoni, kwenye kina kinachofaa meli kubwa, na Chole kikabaki na kivuli chake, mibuyu yake na mafundi wake wa majahazi, ambao bado huunda vyombo kwa tezo na kuvikalafati kwa pamba. Popo wa Chole nao ni wa kipekee. Ni wakubwa, hula matunda, na ni jamii moja na wale wa Komoro, hawapatikani bara hata kidogo. Mchana huning'inia kwa mamia wakigombana, na magharibi huondoka pamoja kwenda kwenye maembe ya kisiwa kikubwa. Mama anasema walipokuwa watoto waliambiwa kwamba magharibi ya popo ndiyo saa ya kurudi nyumbani, na aliyechelewa alichapwa.

Kwenda Kua, Juani, kumetuhitaji hesabu ya pekee, kwa sababu mashua hufika karibu na magofu maji yakiwa yamejaa. Ijumaa tarehe 23 maji yatajaa yapata saa nane mchana, na nilikuwa nimekwisha kuiandika siku hiyo kwenye daftari, mpaka ndugu yetu mmoja wa Chole, ambaye ni nahodha, aliponikumbusha kwamba saa ya kuondoka ingeangukia kwenye swala ya Ijumaa. Tumehamia Jumamosi, maji yatakapojaa kabla kidogo ya saa tisa. Tutaondoka saa saba, na ifikapo saa kumi tuwe tumekwisha kurudi ndani ya mashua.

Kua ulikuwa mji mkubwa wa visiwa hivi, wenye kasri, misikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mpaka karibu na mwaka 1829 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walipouvamia kwa mitumbwi, wakaupora na kuwachukua watu wake utumwani. Haukusimama tena. Kabla ya kisa hicho cha vitabuni kuna kisa kingine ambacho Mama alikisikia kwa bibi yake, na ambacho wazee wengi wa Mafia wanakijua. Watu wa Kisimani, mji wa kale wa upande wa magharibi ambao bahari imekwisha kuula, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini, kisha wakawachukua watoto wa wageni wao na kuwalaza mchangani ili jahazi lipite juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka. Ndipo wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi, katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja bila kuonekana, mpaka akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha wageni wakati mlango ukizibwa kwa mawe kutoka nje. Mzee huyo ndiye anayenishughulisha kila ninapokisikia kisa hiki, maana alijua. Mama, kwa upande wake, hukisimulia akiwa anawaza wale watoto tu. Amesema akifika Kua atawasomea Fatiha, wa pande zote mbili.

Jumatatu na Jumanne, tarehe 26 na 27, bamvua litakuwa limewadia, na asubuhi yapata saa nne na nusu bahari itakuwa imepwa kabisa. Hizo ndizo siku za mafungu. Nimekusudia kwenda Mange, fungu la mchanga mtupu linalojitokeza maji yakipwa na kumezwa tena yakijaa, na Mama hatakwenda, ila atabaki kwenye kivuli na wifi zake, ambao nao siku hiyo watakuwa na shughuli ya pweza. Alasiri ya tarehe 27, maji yakijaa karibu saa kumi na moja, tutavuka naye kurudi Utende kwa starehe ile ile ya kuja, na tutalala Kilindoni.

Hapo Kilindoni, asubuhi ya mwisho, tutatoka kwa mashua kumtafuta potwe. Ni papa kwa umbo, lakini hana habari na nyama ya mtu: hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini pamoja na dagaa, ndiyo maana mara nyingi huonekana pale pale wavuvi wanapotupa nyavu zao. Madoa meupe ya mgongoni hutofautiana kati ya mmoja na mwingine kama alama za vidole vyetu, na watafiti huwatambua kwa hayo. Nitaingia majini mimi, bila kumgusa wala kumzibia njia, na Mama atamtazama kutoka juu. Nimekwisha kumwambia nahodha wa huko kwamba sitaki mashua imfukuze samaki ili nipate picha, na kwamba nitalipa kiasi kile kile hata tusipomwona.

Yaliyobaki ni madogo. Benki ipo Kilindoni, lakini Chole tutahitaji noti ndogo, kwa hiyo nitakwenda nazo tayari. Dawa za shinikizo la damu za Mama zitakuwa za siku 20 ingawa tunakaa siku kumi, maana bahari ikiamua kutuweka haitauliza. Khanga tatu, viatu vya mpira kwa ajili ya mwamba, tochi, chandarua. Zawadi za ndugu tumezigawa katika mifuko miwili: unga wa ngano, sukari, majani ya chai na vitambaa. Mama alitaka kuchukua nazi, nikamwuliza nani hupeleka nazi Mafia, naye akasema hizi ni za mnazi wake wa Temeke, ambao aliupanda kwa mbegu iliyotoka Chole. Zitakwenda.

Jana usiku tulimpigia simu yule ndugu yetu nahodha ili kumthibitishia siku. "Shikamoo, Shangazi," alisema, na Mama akaitikia marahaba, akaulizia hali za watu wote kwa majina, kisha akaulizia mwembe. Kimya kidogo kikapita. Nahodha akamweleza kwamba mwembe upo, lakini matawi yake makubwa ya upande wa kisima yalikatwa zamani yakawa mataruma ya jahazi, na popo wakauhama, sasa wanalala kwenye miti mingine. Nilimtazama Mama nikidhani huzuni itamshika. Aliuhamisha mkono wa simu kwenda sikio la pili, akamwuliza kama jahazi lenyewe bado linakwenda. Alipoambiwa kwamba liko, linabeba chokaa na nazi, alitaka kujua tarehe 20 maji yatajaa saa ngapi, na kama jahazi hilo litakuwa Chole siku hiyo au litakuwa safarini.